Neno Lililonitoka Dirisha la Tatu

Jumanne, 3 Juni

Niandike taratibu, nisije nikakosea na humu.

Leo saa tano kasorobo nimetoa cheti cha kifo cha mtu aliye hai. Mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, upande wa pili wa kioo, miwani mkononi.

Ilikuwa hivi. Mama mmoja mzee — sabini na moja, nimeona kwenye fomu — alikuja na mwanawe wa kiume kuandikisha kifo cha mumewe. Fundi viatu. Wamemzika wiki iliyopita. Nikawapokea saa tatu, nikachapa, nikapeleka rundo kwa Mkuu wetu wa ofisi. Vyeti arobaini. Mkuu akasaini vyote huku simu kaibana kwa bega. Jirani yangu wa dirisha la nne, ambaye kwa miaka kumi na moja ya kugonga mihuri sote tunamwita Stempu, akagonga. Nikaita. Wakaja. Nikampa yule mama.

Akavaa miwani, akasoma. Akaivua, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akasoma tena. Mwanawe akachungulia begani kwake. Mimi nikachungulia kutoka upande wangu, maandishi yakiwa kichwa chini, nikaona. Kwenye nafasi ya marehemu nimeandika jina lake yeye.

"Oops!" nikasema.

Tena kwa sauti. Tena — Mungu wangu — nilitabasamu! Mimi nikiogopa meno hutoka yenyewe. Tangu utoto. Shuleni nimeshaadhibiwa kwa ajili yake.

Mwanawe hakupaza sauti mwanzoni. Aliuliza tu nimesemaje. Kisha ndipo akapandisha: "Baba tumemzika juzijuzi, leo unamfuatisha na mama, halafu 'oops'? Oops ndiyo nini? Umemwaga chai?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilitamani kuingia ndani ya droo nijifungie.

Yule mama alikikunja cheti. Mara moja, mara mbili, mpaka kikawa kidogo kama kitambaa cha mkononi. Akakitia kwenye pochi. "Twende, mwanangu," akasema. Wakaondoka nacho.

Nyumbani Mama ameuliza mbona sili. Nimesema tumbo.


Jumatano, 4 Juni

Nimejua nilivyokosea.

Fomu yetu ina sehemu mbili. Juu, marehemu. Chini kabisa, mtoa taarifa, yaani aliyekuja kusema. Sasa sisi wa madirishani tuna mtindo wetu, haujaandikwa popote: unaanza na chini. Unasoma jina la mtoa taarifa, unaliita, mtu anasogea, ndipo unapanda juu kuchapa. Stempu ndiye aliyenifundisha siku yangu ya kwanza. "Hapa tunaita wazima kwanza," alisema. "Wale wengine hawana haraka." Nilicheka sana siku ile.

Jana niliita jina la yule mama mara tatu, maana hasikii vizuri. Jina likanikaa mdomoni. Vidole vikachapa kilichokuwa mdomoni. Jina, umri, jinsia — vyote vya kwake. Hata "mwanamke" nimeandika, na sikushtuka! Miezi mitano kazini sijakosea hata herufi. Mimi ambaye hufunga mlango wa nyumba, nikafika njia panda, nikarudi kuusukuma kuhakikisha.

Stempu amenifariji kwa namna yake. Kuteleza si kuanguka, mdogo wangu. Kisha akafikiri kidogo. "Ila wewe umeteleza ukamwangukia mtu."

Halafu akaniambia jambo la kuogofya zaidi. Daftari la vifo la kipindi hiki linafungwa Ijumaa ya tarehe 13 na kwenda makao makuu. Kabla ya hapo kosa hurekebishwa hapahapa ofisini: cheti halisi kirudi, mhusika aje mwenyewe, aape kwa kusaini kwamba yu hai, basi. Baada ya hapo ni mahakama, na mahakama ni miaka. Mpaka lirekebishwe, yule mama amekufa na mumewe hajafa.

Nikauliza kama kuna watu waliowahi kuapa kwamba wako hai.

"Wapo. Mmoja tulimkatalia."

"Kwa nini?"

"Hakuja na kitambulisho."


Alhamisi, 5 Juni

Barua ya malalamiko imefika. Imeandikwa na mwanawe, kwa mkono, mwandiko wa kupendeza. Ina mambo mawili. La kwanza: cheti kimekosewa. La pili: karani "alitamka neno la mzaha na kutabasamu mbele ya wafiwa."

Nimeitwa kwa Mkuu. Barua ilikuwa mezani kwake. Jambo la pili limepigiwa mstari mwekundu. La kwanza halina hata nukta.

Natakiwa niandike maelezo: neno nililotamka maana yake nini, limetoka wapi, na kwa nini nililitamka. Kamati itakaa Ijumaa tarehe 13, saa nne. Siku hiyohiyo wataamua kama nathibitishwa kazini au majaribio yangu yaishie hapo.

Nikauliza, sauti ikanitoka kama ya panya: na kuhusu cheti, Mkuu? Akasema cheti ni suala la kiufundi. Kisha akainama mbele, akanong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu. "Na usiombe radhi, binti. Kwa mdomo wala kwa maandishi. Ukiomba radhi umekiri, na wewe ukikiri ofisi imekiri."

Nimefika kwenye ngazi ndipo nikakumbuka saini iliyo chini ya cheti kile ni ya nani.

Wakati wa chai Stempu akaendelea kunihubiria. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. "Ungesema 'lo!' nani angekuandikia barua? Ungesema 'mama yangu weee!' wangekuonea huruma, huenda wangekuletea maji. Wewe ukaenda kuokota neno la watu."

Nikamwambia hata yeye hulisema. Wino ukimwagika, oops. Muhuri ukimponyoka, oops. Akabisha kwa nguvu zote, akarusha mkono, chai ikamruka kikombeni —

"Oops!"

Tumecheka mpaka mhudumu akaja kutazama kuna nini. Nimecheka! Siku ya pili tu baada ya kumuua mtu.


Jumamosi, 7 Juni

Maktaba, tangu inafunguliwa mpaka saa nane mchana.

Mkutubi ni mzee mfupi, havui sweta hata jua likiwaka. Nilidhani atanicheka. Alinipokea kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa ugonjwa adimu. Akateremsha kamusi tatu za Kiingereza, mbili za maana na moja nene sana ya asili ya maneno, akapuliza vumbi, akavuta kiti akae na yeye.

Nanukuu hapa nisipoteze.

Maana: mshangao mdogo wa mtu anayegundua kwamba amekosea, ameangusha kitu, amejikwaa. Mdogo! Kamusi zote mbili zimesisitiza udogo. Kikombe, kitufe, kiatu kimevaliwa mguu usio wake. Aliyegonga mtu kwa gari hasemi "oops". Nimelisoma hilo nikahisi joto masikioni. Kumbe ndipo alipoumia yule mwanawe. Si kwamba nilisema Kiingereza. Kwa silabi moja nililipima kosa langu mbele yao, nikatangaza kwamba ni dogo.

Asili: kwenye maandishi si la kale, miaka mia moja hivi. Lina ndugu yake, "whoops". Wataalamu wanasema huenda — hiyo "huenda" wanaiweka kila mahali, watu waangalifu, nimewapenda — huenda limekatwa kutoka kwenye neno la zamani zaidi, "upsy-daisy", na kabla yake "up-a-daisy", lenye miaka mia tatu au karibu. Na hilo ni la kumwambia mtoto. Mtoto anajifunza kutembea, ameanguka, mtu anamshika makwapani anamnyanyua: juu! "Daisy" ni ua, lakini mkutubi anahisi ua lilibandikwa kwa utamu wa sauti tu. Watoto hawaulizi.

Alifunga kitabu akakiwekea viganja juu. "Kwa hiyo lilianza kwa anayeinua, likaishia kwa aliyeanguka," akasema. Kisha akaniuliza nafanyia utafiti chuo gani. Nimesema najisomea tu. Aliniamini nusu.

Nimerudi kwa miguu. Nilikuwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nilidhani nimepata utetezi.


Jumapili, 8 Juni

Mama alivunjika nyonga Februari. Kila asubuhi namwinua: mikono yake shingoni mwangu, yangu kiunoni mwake, tunahesabu, anasimama. Kisha anashika fremu yake ya kutembelea na kwenda dirishani. Hatua kumi na mbili. Leo kumi na nne, maana alipitia kwa makusudi kwenye kioo kutazama nywele.

Alipokuwa bado amenining'inia shingoni akasema: "Unanishika kama yai. Umevunja nini?"

Nimemwambia yote.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka akajishika nyonga akasema "aaa" huku bado anacheka. "Mimi nimekusomesha, mwanangu, ukaue watu kwa kuchapa!" Kisha akatulia. Akauliza yule mama alivaaje. Mtandio wa kijivu, nikasema. Viatu je? Sikuviona, Mama, kuna kioo na kaunta. Akatikisa kichwa. Mama ameshona nguo za watu miaka thelathini, huwa hamwamini mtu mpaka amempima kwa macho kutoka juu mpaka chini. "Mke wa fundi viatu," akasema, "na hukumtazama miguu."

Nikamsomea ya maktaba. Akasikiliza vizuri. Nikamuuliza, mimi nilipokuwa najifunza kutembea, nikianguka ulikuwa unasema nini?

"Nilikuwa naichapa sakafu."

"Sakafu?"

"Enhe. Paa! 'Mbaya hii, imemwangusha mwanangu!' Unanyamaza hapohapo. Unaitazama sakafu kama mtu aliyeshinda kesi." Akanipapasa shavu. "Ulipenda haki tangu zamani. Ila sasa umekua, mama. Sakafu haina kosa tena."

Amelala mchana wote. Nimeanza maelezo. Aya mbili.


Jumatatu, 9 Juni

Mwana wa yule mama hapokei simu ya ofisi. Mkuu ameniita tena. Niende mwenyewe kesho, nyumbani kwao, na fomu ya kiapo. Nisizungumzie kosa. Nisiombe radhi. Nichukue cheti, nirudi.

Alikuwa akizilaza kalamu zake mezani, moja sambamba na nyingine. Moja ikadondoka. Hakuiokota. Nikaiokota mimi, nikaona kiganja chake alipoipokea: kimelowa jasho.

Stempu anasema Mkuu amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nilijiandaa kumchukia. Nimeshindwa.


Jumanne, 10 Juni

Nimerudi mikono mitupu. Niandike yote kwa mpangilio.

Nyumba yao ina chumba cha mbele kinachofungukia barabarani. Ndicho kilikuwa karakana ya marehemu. Meza fupi, nyundo, makopo ya gundi, na viatu. Viatu kila mahali! Rafuni, sakafuni, ndani ya maboksi. Yule mama alikuwa katikati yake, juu ya kigoda.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za hapa?" nikasema.

Akanitazama kwa muda. "Za hapa ndizo hizi," akasema. Kisha: "Wewe ndiye wa dirisha la tatu. Kaa. Sogeza hicho kiatu."

Nikakisogeza, nikakaa. Nilikuwa nimekariri sentensi nne njiani. Sikupata nafasi ya kusema hata moja. Akaninyooshea kiatu cha kike, cheusi, cha kushoto. Akataka nimtafutie mwenzake, eti macho yangu ni ya juzi, bado mapya.

Nikaelezwa. Marehemu hakuwa akiweka pea pamoja. Cha kushoto rafuni, watu wakione. Cha kulia ndani, kwenye boksi. Hivyo hakuna aliyewahi kumwibia. Nani aibe kiatu kimoja? Na hakuandika majina. Alichora alama kwa chaki kwenye soli: duara, duara na nukta, mistari miwili, kitu kama samaki. Yeye alijua samaki ni nani. Sasa wateja wanakuja mmoja mmoja, wanatoa pole, wanakaa kidogo kwa heshima, halafu wanakohoa na kuulizia viatu vyao. Na yeye hajui. Miaka arobaini na sita ameishi na mtu, hakuwahi kumuuliza samaki ni nani.

Kazi hiyo naiweza! Nikachana karatasi kwenye daftari langu, nikapiga mistari. Alama, rangi, cha kike au cha kiume, kilichotengenezwa. Tukaanza. Yeye anageuza soli na kutaja, mimi naandika na kutafuta. Saa moja na nusu. Pea kumi na tisa! Tulizifunga pamoja kwa kamba zake. Mara mbili tulibishana juu ya samaki. Mmoja kumbe alikuwa jani.

"Una mkono mwangalifu," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatoa fomu ya kiapo, maana ningengoja zaidi nisingeitoa. Nikamweleza: unasaini hapa, Ijumaa saa nne unakuja nayo na cheti kile cha zamani, tunakifuta, tunaandika kipya. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kwamba yeye, mwenye jina hilo, anaapa kuwa yu hai.

Akaiweka magotini.

"Nikiapa hili, binti, si nimeapa na lile lingine, la mume wangu?"

Akasema cheti kiko chini ya mto wake. Usiku saba sasa. Mwanawe anadhani amekificha kwa hasira, akitunze kama ushahidi. Si hasira. Yeye na mumewe walikuwa wakigombania, kwa mzaha, miaka na miaka, nani atangulie. Mume akisema tangulia wewe, mama watoto, mimi nitajua kujipikia; wewe ukibaki peke yako utakaa kimya sana, na ukikaa kimya sana utaumwa. Kila wakigombana mwisho ulikuwa huo, tangulia wewe. "Sasa ile karatasi yako ndiyo iliyomsikiliza. Humo mimi nimekwenda. Yeye yupo. Anatafuta cha kulia cha mtu, ananung'unika kwamba chai imepoa. Nikikifungua asubuhi nakisoma, naona kimekaa vizuri tu."

Alisema bila kulia. Mimi ndiye niliyekuwa natazama makopo ya gundi.

Baadaye akauliza. Si kwa ukali; kama mtu anayeuliza njia. "Lile neno ulilosema. Mwanangu ameliandikia barua. Maana yake nini hasa?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani. Kamusi, huenda, miaka mia tatu, mtoto anayejifunza kutembea. Jinsi watu waliokua walivyolichukua wakawa wanajiambia wenyewe wakijikwaa. Alisikiliza kwa sikio lake moja linalosikia zaidi, kichwa amekiinamisha upande.

"Neno zuri," akasema. "Kwa hiyo siku ile ulianguka, ukajiinua."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi aliniinua nani?"

Kiatu nilichokuwa nimeshika nilikiweka chini.

"Wanaokuja hapa kudai viatu, hata wale wakorofi," akasema, "huanza na pole. Hata yule wa samaki, ambaye hatumjui, akija ataanza na pole. Wewe umeniandika nimekufa, umenikuta na msiba dirishani kwako, leo umeingia nyumbani kwangu, umekaa, umefanya kazi nzuri. Hilo neno moja limekushinda?"

Halikunishinda. Lilikuwa hapa, nyuma ya meno. Mtoto wa miaka miwili hulisema, mtu akijikwaa barabarani nalisema kwa mtu nisiyemjua na siwazi. Nikasikia "ukiomba radhi umekiri". Nikaona kamati, meza ndefu. Nikasimama.

"Haya, mama. Ijumaa saa nne."

Alibaki na fomu. Hakusaini. Hakukataa. Nilipogeuka nje alikuwa ameshageuza soli nyingine anatafuta chaki kwa kidole.


Jumatano, 11 Juni

Mkuu: Hukuja nacho?

Mimi: Hapana, Mkuu.

Mkuu: Alikataa?

Mimi: Hapana.

Akaniambia nitoke. Kisha akaniita nirudi. Akauliza kama yule mama alitaja saini. Nikasema hakutaja saini ya mtu yeyote. Akashusha pumzi, akanipa biskuti kutoka kwenye droo yake, akaniambia nitoke tena.


Alhamisi, 12 Juni

Maelezo yangu yamekubaliwa. Kurasa mbili. Mkuu amefuta sentensi moja, ile inayosema "nilipogundua kosa", akaweka "hali ilipojitokeza". Ameyasifu! Amesema hata makao makuu watayasoma kwa faida, hawajui haya. Stempu amesoma akapiga mluzi. "Upsy-daisy! Na mimi miaka yote nalisema bure."

Ningepaswa kufurahi.

Jioni nimemsomea Mama akiwa amesimama dirishani kwa fremu. Hatua kumi na tano leo. Alisikiliza mpaka mwisho. "Nzuri. Inaonekana umesoma. Sasa yule mama yuko mstari wa ngapi?"

Nikatafuta. Ukurasa wa kwanza, kamusi. Ukurasa wa pili, Waingereza na watoto wao. Fundi viatu hayumo. Mkewe yumo mara moja: "mteja".

Nimekaa mezani nikaandika nyingine. Imenichukua muda mrefu kuliko ile. Mistari minne. Nainakili:

Mama, pole sana kwa kufiwa na mumeo. Siku ulipokuja kumwandikisha, nilikuandika wewe badala yake. Kosa ni langu, si la mashine wala la neno. Sikukupa pole dirishani, wala nyumbani kwako, kwa sababu niliogopa.

Nimeisoma mara nyingi kutafuta kosa. Halimo. Naogopa kuliko nilivyoogopa Jumanne ile.


Ijumaa, 13 Juni

Saa nne na dakika tano. Benchi nje ya chumba cha mikutano. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Wamekuja. Yule mama na mwanawe, na mwanawe amevaa tai. Amenipita bila kunitazama. Mama yake amenitazama. Viatu vyake ni vya kahawia, vya zamani, vimepigwa soli mpya, na kazi yake ni safi sana. Nimeviona safari hii.

Wameingia. Mlango umefungwa.

Nina karatasi mbili kwenye bahasha. Zote mbili safi, zote nimesaini.

Saa nne na robo. Sauti ya Mkuu, ndefu, laini. "Kiufundi." Tena "kiufundi". Sauti ya mwanawe, fupi. Yule mama simsikii.

Stempu amepita na rundo la mafaili ambalo halina safari. Amenishika bega tu, akaenda.

Saa nne na ishirini na tano. Mhudumu ametoka kuchukua maelezo yangu. Amesimama mbele yangu kanyoosha mkono. Nikauliza kama naweza kupeleka karatasi mbili. Akasema ameagizwa moja.

Nimempa ya mistari minne.

Ameingia nayo. Ile ya kurasa mbili nimeikalia.

Nadhani anasoma Mkuu. Sasa mtu anasoma kwa sauti, ya kiume — ni mwanawe. Anasoma polepole, sijui ni kwa ajili ya sikio la mama yake au kwa ajili yake mwenyewe. Amefika "wala nyumbani kwako". Amesimama hapo. Kiti kimeburuzwa. Mkuu anasema jambo kwa haraka, nasikia "haikupitia kwangu".

Nathibitishwa au naondoka, sijui. Ajabu, si hilo ninalolisikiliza.

Mlango umefunguliwa. Ni yule mama, peke yake. Ameuvuta mlango nyuma yake, mwenyewe, wengine wakabaki humo ndani. Anakuja huku. Nimesimama, akaniashiria nikae. Amekaa kando yangu. Nimesema. "Pole, mama." Nimeisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa sababu ya sikio lake, na karani mmoja aliyekuwa akipita amegeuka.

"Ahsante, mwanangu," amesema. "Nimeshapoa."

Hajapoa. Tumekaa. Sijui la kufanya na mikono, ndiyo maana naandika, na yeye ananiacha niandike.

Amefungua pochi. Ametoa cheti, bado kimekunjwa. Ametoa na fomu ya kiapo, ameviweka magotini, kimoja juu ya kingine. Mahali pa saini ni patupu, napaona kutoka hapa. Anakunjua cheti. Anakisoma tangu juu, midomo inachezacheza, kama mtu anayemsindikiza mgeni mpaka njiani. Amefika mwisho. Amerudi juu tena.

Anauliza naandika nini. Nimemwambia najiandikia tu.

Amevua miwani, ameifuta, ameivaa. Amevuta fomu ikaja juu. Ananyoosha mkono. Nadhani anataka kalamu hii —